Safari ya Bure Serengeti au Mtihani wa Ukaguzi? Hesabu za Binti wa Ngazidja Aliyeko Mji Mkongwe

Meseji iliingia saa tatu usiku. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba huko Malindi, anasubiri umeme urudi.

"Mdogo wangu, nna wageni Wafaransa kumi na wanne, siku tisa. Tarangire, Ngorongoro, Serengeti. Ndege, kula, kulala, vyote juu yetu. Wewe njoo na mdomo wako tu."

Akaisoma mara nne. Halafu akafungua picha aliyoipiga mchana chuoni, ratiba ya mitihani. Safari ilikuwa Julai 6 mpaka 14. Mitihani Juni 29 mpaka Julai 13. Ndani ya siku zile tisa zilikaa pepa tatu, na mojawapo ni Ukaguzi wa Hesabu, pepa aliyokuwa anaiogopa hata kabla Serengeti haijatajwa.

Wapo watakaosema hapo hapo: aende, kuna nini cha kufikiria? Na wapo watakaosema: mtihani kwanza, habari imeisha. Lakini ishu yenyewe haikuwa nyepesi hivyo, kwa hiyo usihukumu kabla hujafika mwisho.

Binti ana miaka 22, yuko mwaka wa pili, anasoma uhasibu kwenye chuo kimoja upande wa Tunguu. Kwao ni Ngazidja, kile kisiwa kikubwa cha Komoro chenye mji wa Moroni. Alikuja kwa ndege mpaka Dar, akapanda boti, na kama saa mbili baadaye akashuka bandarini Unguja na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka.

Hakufika kwa watu baki. Wangazija wako Unguja tangu enzi za masultani, na familia nyingi za Mji Mkongwe ukiwauliza wazee wao utasikia kuna babu au bibi alitoka huko. Alipokelewa na ndugu wa bibi yake mzaa baba, mama wa miaka sabini na kitu ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Akapewa kitanda chumba kimoja na mjukuu wa nyumba, ghorofa ya pili, dirisha linaangalia uchochoro mwembamba kiasi kwamba jirani wa mbele akikosa chumvi anapokezwa kwa mkono.

Miezi ya mwanzo alikuwa mtu wa chuo na nyumbani. Asubuhi daladala ya Tunguu, jioni kurudi, usiku daftari. Darasani walimcheka kidogo, kwa sababu Kikomoro na Kiswahili ni ndugu wa damu lakini si mapacha. Neno analijua, akilitamka wenzake wanaanguka vicheko. Na Kifaransa, lugha aliyosomea tangu mdogo, Unguja hakuwa na mtu wa kuongea naye. Akawa kama mtu mwenye nguo nzuri asiyealikwa popote.

Mpaka usiku ule wa Forodhani.

Walikwenda yeye na mjukuu wa Bibi, kutembea tu na kununua mishkaki miwili. Kwenye meza ya piza za Zanzibar kulikuwa na familia ya Kifaransa imekwama. Baba anauliza kama ndani kuna karanga, maana mtoto wake akila karanga anavimba koo. Mpishi, kijana wa watu mwenye haraka zake, anaitikia kwa kichwa kila anachoulizwa. Binti akaingilia. Akauliza kwa Kiswahili, akajibu kwa Kifaransa, akamwambia mpishi abadilishe kisu na aoshe sahani. Mama wa yule mtoto akamkumbatia pale pale.

Pembeni kulikuwa na kaka mmoja mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni. Aliangalia yote, halafu akasogea: "Mdogo wangu, hicho Kifaransa umekitoa wapi?"

Mchongo ulianzia hapo.

Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye boti ya Changuu na wageni sita. Akawatafsiria habari za wale kobe wakubwa, kwamba wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na habari ya lile jengo lililojengwa liwe jela likaishia kuwa karantini ya wagonjwa. Jumapili yake ikawa mashamba ya viungo ya Kizimbani, kunusa mdalasini na kupakwa rangi usoni. Wiki nyingine Jozani kwenye kima punju. Nyingine Kizimkazi, alfajiri, kufukuzana na pomboo. Nyingine Nungwi, kuangalia mafundi wanavyounda jahazi, kisha jua linazama na kila mtu anatoa simu.

Kwa mtu ambaye mwaka mzima wa kwanza aliijua njia ya Tunguu tu, hii ilikuwa raha. Simu yake ikajaa bahari. Watu wa Moroni aliosoma nao wakaanza kumwandikia, "wewe unakula maisha." Na mwisho wa siku kulikuwa na bahasha, elfu hamsini, siku nyingine elfu sabini.

Lakini wageni hawaji Jumamosi na Jumapili tu. Kikaja kikundi cha Ijumaa. Halafu kikundi cha Alhamisi. Alhamisi asubuhi ndiyo kipindi cha Ukaguzi wa Hesabu. Mara ya kwanza alimwomba rafiki amsainie mahudhurio. Mara ya pili hakuomba, rafiki mwenyewe alishajua. Mara ya tano mwalimu akatoa jaribio la ghafla la alama 20, na mahudhurio yalionyesha yupo lakini karatasi yake haikuonekana. Jaribio lililofuata alikaa, akapata 9.

Kisha mwanafunzi mwenzake, msichana wa Pemba asiyependa kuzungusha maneno, akamvuta pembeni kwenye kivuli cha mwembe.

"Nambie, kibali chako daraja gani?"

"C. Cha mwanafunzi."

"Basi hicho ni cha kusoma. Kazi ina kibali chake, na kutembeza wageni kuna leseni yake juu. Siku Uhamiaji wakikukuta na kile kibendera mkononi, utawambia nini?"

Ilimshtua. Alikuwa hajawahi kuifikiria ile bahasha kama mshahara. Kwake ilikuwa ahsante. Jioni akampigia yule kaka, akamwambia hataki tena kupewa pesa. Kaka akacheka: "Hilo tu? Basi hatukulipi. Wewe mgeni wetu, unatembea na sisi, ukijisikia unatusaidia kuongea."

Ilisikika vizuri. Lakini ukweli alikuwa anaujua moyoni, kwamba kuondoa bahasha hakujabadilisha kazi. Tofauti ilikuwa kwamba sasa anaifanya bure.

Na hapo ndipo ikaja Serengeti, "ya bure".

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa rafiki yake wa Bujumbura. Kijana anasoma chuo kingine, Kifaransa kinamtiririka, na wawili hao walizoea kukutana jioni Forodhani, juu ya ukuta ambao watoto wa mjini wanarukia baharini. Alipoisoma ile meseji, kijana alisimama.

"Na wewe bado unafikiria?"

"Nina pepa tatu."

"Pepa ipo mwakani. Mwezi wa saba nyumbu wanavuka Mto Mara, wewe mwakani unajua utakuwa wapi? Watu wanauza gari waone kile kitu. Halafu sikiliza, mtoto wa tajiri akisafiri hakuna anayemuuliza masomo. Sisi tukipewa nafasi moja tu, tunaambiwa tukumbuke tulipotoka. Kwani sisi macho hatuna?"

Hakuwa na jibu. Na tuseme ukweli, wangapi wanalo? Maneno ya kijana yule hayakuwa ya kihuni. Vijana wengi wanaosoma ugenini wanajua anachosema. Umevuka bahari, umefika nchi yenye Kilimanjaro na Ngorongoro, halafu unarudi kwenu miaka mitatu baadaye ukiulizwa umeona nini, unajibu umeona kituo cha daladala.

Mtu wa pili hakuombwa ushauri. Ni mzee mmoja anayekaa kwenye baraza ya jirani na kikombe chake cha kahawa, anamjua kila anayepita. Bibi alishamwambia, maana nyumba za Mji Mkongwe siri hazikai.

"Wewe mtoto wa Ngazidja, hebu njoo. Wamjua Sayyid Ahmad bin Sumeit?"

"Nalijua jina, babu. Kwetu wanalitaja."

"Kazaliwa kwenu, Itsandra, 1861. Ujanani alikuwa akisafiri na chombo cha baba yake, nahodha. Akaja hapa Unguja, Sayyid Barghash akamfanya kadhi. Kadhi! Kijana. Mwengine angekaa akatulia. Yeye kaondoka, kenda Istanbul, kenda Misri, kenda Makka. Karudi hapa, akashika ukadhi mpaka alipofariki 1925. Watu walikuwa wakija kumuuliza masuala kutoka pwani nzima hii."

Binti akachangamka. Aliona kama amepata wakili. "Kwa hiyo, babu, unasema niende?"

Mzee akanywa kahawa kwanza.

"Mimi nakuuliza. Yule kila alikokwenda alikuwa akimfuata mwalimu. Huko unakokwenda wewe, unamfuata nani?"

Hakusema zaidi. Akamgeukia mtu mwengine aliyekuwa akipita, akamuuliza bei ya samaki.

Usiku huo binti alikasirika. Alimwambia mjukuu wa Bibi kwamba wazee wana tabia ya kukuuliza swali wakijua umeshindwa. Na bado hakuwa ameamua. Ukweli ni kwamba alikuwa ameegemea kwenda. Alishaanza kutafuta koti la kukopa, maana kaka alimwambia Ngorongoro asubuhi kuna baridi ya kutoa moshi mdomoni.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Shangazi.

Shangazi ni dada wa baba yake, anakaa Marseille, mji wa Ufaransa wenye Wakomoro wengi. Anasafisha maofisi. Anaamka saa tisa usiku, anamaliza kabla wenye ofisi hawajafika, anarudi kulala kidogo, jioni anaingia zamu nyingine. Kila mwezi anatuma Euro 250. Ada, nauli, kibali, chakula anachochangia kwa Bibi, vyote vinatoka humo. Baba wa binti alifariki akiwa kidato cha pili, na Shangazi hakusubiri kuombwa.

Alimtumia sauti ya dakika tatu. Akaeleza yote kwa furaha, Serengeti, nyumbu, ndege. Kuhusu mitihani akasema haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa: "kuna pepa tatu lakini naweza kuzifanya mwakani."

Alijiandaa kugombezwa. Alishaandaa na majibu yake.

Jibu lilikuja saa kumi na moja alfajiri. Nyuma ya sauti kulikuwa na mlio wa mashine ya kufagilia. Shangazi hakugomba hata kidogo. Alisema: nenda mwanangu, uone dunia. Akasema bibi yake alikuwa akimsimulia Unguja, harufu ya karafuu, na yeye akajiapia akiwa mkubwa atafika. Akacheka. "Nitumie picha nyingi. Mimi mwaka huu tena sitaweza kuja, lakini mwakani, inshallah."

Mwakani inshallah.

Ngazidja, wale wanaotoka Ufaransa kila Julai na Agosti kuja kwenye maharusi makubwa wana jina lao. Wanaitwa je-viens, maana yake "nakuja". Wanashuka Hahaya na masanduku, mitaa inachangamka. Shangazi amekuwa akisema "nakuja" miaka sita. Kila mwaka kuna sababu, na binti hakuwahi kuuliza sababu ni nini.

Alfajiri ile akauliza, kichwani tu. Na kwa kuwa ni mtu wa uhasibu, akachukua kaunta buku akapiga mstari katikati.

Upande mmoja akaandika: Serengeti siku tisa, shilingi 0.

Upande wa pili akaanza kujaza. Akikosa pepa tatu bila ruhusa, zile kozi tatu atazirudia, na kozi zenyewe zinafundishwa mara moja kwa mwaka. Maana yake mwaka mzima juu ya mitatu. Ada tena. Kibali tena. Nauli ya Tunguu tena. Euro 250 mara miezi kumi ni Euro 2,500.

Chini yake akaandika bei ya tiketi ya Marseille mpaka Moroni wakati wa Julai, aliyokuwa anaisikia kwenye mazungumzo ya nyumbani tangu mtoto: Euro 1,200 na zaidi, kwenda na kurudi.

Akagawanya. Tiketi mbili.

Akaa anaangalia ile namba. Darasani walishafundishwa kitu kinaitwa gharama ya fursa, kwamba ukichagua kimoja, bei yake ni kile ulichokiacha. Alijibu vizuri swali hilo kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza. Lakini kitabu kilizungumza kama vile anayechagua na anayelipa ni mtu mmoja. Hapa anayechagua alikuwa Malindi ana miaka 22, na anayelipa alikuwa Marseille na mopu mkononi. Safari ya mpwa ilikuwa sawasawa na safari mbili za shangazi. Na shangazi mwenyewe, bila kupiga hesabu yoyote, ameshasema nenda.

Hapo ndipo uzito ulipo. Angekatazwa, angeweza kununa, angeweza hata kwenda kwa kiburi. Lakini alipewa ruhusa. Ikabaki yeye peke yake na namba.

Saa mbili asubuhi akaandika: "Kaka, nashukuru sana. Nina mitihani, sitaweza." Kaka akajibu kwa dole gumba. Mwezi mzima hakumtafuta tena, hata kwa Changuu.

Watu hupenda hadithi ziishie hapa, binti kachagua masomo, makofi. Sasa sikiliza kilichofuata.

Nafasi yake aliichukua rafiki yake wa Bujumbura. Yeye alikuwa na pepa moja tu ndani ya siku zile, akaona ataomba ruhusa akirudi. Julai 9, binti ametoka kwenye pepa ya pili kichwa kinauma, akafungua simu akakuta video. Maelfu ya nyumbu, vumbi, maji yanaruka, mamba, na sauti ya kijana yule inapiga kelele kwa lugha tatu. Iliangaliwa na watu wengi kuliko kitu chochote alichowahi kuweka. Binti akaifunga simu, akaisukuma chini ya godoro. Dakika tano baadaye akaitoa akaangalia tena. Akalia kidogo, bila sauti, mjukuu wa Bibi asisikie. Bibi alisikia. Akaleta chai ya maziwa na boflo, akaweka mezani, akatoka bila kuuliza.

Julai 13 akafanya Ukaguzi wa Hesabu. Alitoka hajui kama kafaulu au kafeli.

Siku kumi baadaye Bibi akasema, "Mwaka huu wewe ni mgeni wetu, twende Makunduchi." Ilikuwa Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa watu wa kusini. Wakapanda gari la abiria, kila mtu na nauli yake. Kule aliona wanaume wanapigana kwa migomba, wanatoa hasira za mwaka mzima ziishie pale. Akaona kibanda cha makuti kinachomwa moto na watu wanakimbia huku wanacheka, na wanawake wamevaa nguo mpya wanaimba maneno makali ya kuchambana. Na aliambiwa jambo ambalo hakuwahi kulisikia kwenye mashamba ya viungo: siku ya Mwaka nyumba isiyo na mgeni inaonekana imekosa baraka. Akavutwa nyumba tatu tofauti. Kila nyumba sahani. Hakutafsiri neno hata moja kwa mtu yeyote, na hakuna aliyemuuliza kibali.

Alimtumia Shangazi video ya wale wanawake wakiimba. Shangazi akaisikiliza zamu nzima, akaandika kwamba sauti zao ni zile zile za kwao.

Kisha matokeo yakatoka. Kafaulu yote isipokuwa moja, Ukaguzi wa Hesabu. Sapu.

Ndiyo. Kaacha Serengeti, kabaki, kakesha, na sapu kaipata vile vile. Maana Serengeti haikuwa kosa lake. Deni lilianza siku nyingi, zile Alhamisi za Nungwi na Kizimkazi, moja moja, kila moja ikionekana ndogo. Alipokataa safari kubwa alikuwa ameshazilipia zile ndogo. Msichana wa Pemba alimwambia bila huruma: "Pomboo wamekula ukaguzi wako." Wakacheka wote wawili mpaka machozi.

Sapu aliifanya Septemba. Akapata C. Hakuna aliyeandaa sherehe.

Rafiki wa Bujumbura alinyimwa ruhusa. Pepa yake moja inafundishwa muhula wa pili tu, kwa hiyo atakaa mwaka mzima wa ziada kwa ajili ya kozi moja. Walipokutana tena pale ukutani, binti akamuuliza kama anajuta. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Nyumbu sijutii. Nimewaona, hakuna wa kuninyang'anya. Najutia nilivyompigia mama. Kauza mashine yake ya kushonea, kanituma ada, na hakusema neno."

Wakakaa kimya wanaangalia watoto wanarukia maji.

Mwezi wa kumi yule kaka alirudi. Ana kikundi, Jumamosi moja tu, Changuu. Binti alimjibu kwamba akija atakuja kama mgeni wa kweli, kwa nauli yake, na hatashika kibendera. Kaka akaona hilo halimsaidii kitu. Hawajawasiliana tena.

Na Shangazi? Binti alimwambia yote, sapu, C, hata zile Alhamisi ambazo hakuwahi kumwambia mtu. Alidhani ndiyo siku ya kugombezwa. Jibu likaja alfajiri kama kawaida, mashine inaunguruma nyuma: "C ni nzuri, mwanangu. Mimi jana nimeulizia bei ya tiketi za mwakani. Nimeulizia tu."

Ameulizia tu. Lakini kwa miaka sita hakuwa ameulizia.

Serengeti ipo, nyumbu watavuka mwakani na mwaka utakaofuata. Binti anasema atakwenda, na siku hiyo atalipa mwenyewe. Huenda atakwenda, huenda asiende. Wewe ungekuwa na ile meseji saa tatu usiku, ungejibu nini? Na ile safari yako ya mwisho iliyoitwa ya bure, ulishawahi kumuuliza aliyeilipia?